Mlinzi aliyetoka kwenye barafu ya sangara: kisa cha bakteria AH2

Kwa wanaoshughulika na minofu ya sangara, bakteria aitwaye Pseudomonas ni adui wa kila siku. Samaki akiachwa kwenye joto, wanaomharibu kwanza ni bakteria wa jamii ya Aeromonas. Akitiwa kwenye barafu, hao huishiwa nguvu, na zamu hushikwa na Pseudomonas, maana yeye haogopi baridi. Ile harufu ya samaki aliyekaa kwenye barafu siku nyingi kupita kiasi ni kazi ya mikono yake, kama bakteria angekuwa na mikono. Mwaka 1990 watafiti wa Denmark, Lone Gram akiwa mmoja wao, walichapisha uchunguzi wa bakteria wa sangara wa Ziwa Victoria tangu samaki akiwa mbichi hadi anaoza, na mgawanyo huo wa zamu ukaonekana wazi.

Katika kazi ya namna hiyo, bakteria wanaopatikana hawatupwi. Huoteshwa, hupewa alama, huhifadhiwa kwenye baridi kali. Mwaka 1993 Gram alichapisha matokeo ya kuwapambanisha Pseudomonas waliotoka kwenye samaki wabichi na walioharibika na bakteria wengine, na ikaonekana kwamba wengi wao huwazuia wenzao kukua. Mmoja wa hawa mabingwa wa kuzuia ni Pseudomonas fluorescens mwenye alama AH2, aliyetolewa kwenye sangara wa barafuni. Mwaka 1999 AH2 alitoka kwenye friji akaingia kwenye tangi la trauti, samaki wa kufugwa wa maji baridi, safari hii akiwa ameajiriwa kama mlinzi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, huku kwetu probayotiki zinatujia kwenye pakiti zinazong'aa kutoka nje, na mtu anaweza kudhani bakteria wazuri wote ni wageni. Huyu alisafiri kinyume. Pili, kisa hakikuishia kwenye ushindi, na kwa hiyo kina faida kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kupewa kwenye maonesho ya Nane Nane.

Neno lenyewe kwanza. Probayotiki ni vijidudu hai ambavyo mfugaji huwapa samaki makusudi ili viwanufaishe. Kwa binadamu au ng'ombe tunafikiria tumbo tu. Samaki ana jambo la ziada: anaishi ndani ya supu ya bakteria. Kinachoelea kwenye maji kinagusa matamvua yake kila anapopumua, kinatua kwenye ute wa ngozi, kinamezwa pamoja na chakula. Ndiyo maana mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walipendekeza maana ya probayotiki kwa viumbe wa majini ipanuliwe, ihusishe pia bakteria wanaobadilisha hali ya maji anamoishi samaki.

Adui wa AH2 katika kisa hiki alikuwa Vibrio anguillarum, bakteria anayeleta ugonjwa wa vibriosi. Jina limetokana na mikunga, ambao ndio walioonekana kwanza kuugua ugonjwa huu huko Ulaya, lakini humshambulia trauti, salmoni na samaki wengine wengi wa maji ya chumvi na ya chumvi kidogo. Samaki aliyeshikwa hutokwa na madoa ya damu chini ya mapezi na kuzunguka mdomo, huacha kula, hufa. Vibriosi inaua haraka.

Jaribio la kwanza ni lile ambalo kila maabara ya mikrobiolojia huanza nalo. Unachukua sahani ya plastiki yenye agari, ule mgando unaofanana na jeli iliyopoa. Unamsambaza Vibrio kote, halafu unatoboa vishimo vidogo. Kwenye kila kishimo unadondosha majimaji alimooteshwa AH2, yakiwa yamechujwa hadi hakuna seli hata moja iliyobaki. Kesho yake unaangalia. Kama sahani imefunikwa yote na utando wa Vibrio, hakuna kitu. Kama kuzunguka kishimo kuna duara safi lisiloota chochote, basi kuna silaha ndani ya yale majimaji.

Duara lilitokea, ila kwa sharti moja ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa kisa chote. AH2 alipooteshwa kwenye lishe yenye upungufu wa madini ya chuma, majimaji yake yalimzuia Vibrio. Alipooteshwa kwenye lishe yenye chuma cha kutosha, majimaji yake hayakufanya kitu.

Silaha yenyewe, basi, haifanani na sumu. Inahusu njaa. Karibu kila bakteria anahitaji chuma, na mwilini mwa samaki chuma hakiachwi kikizurura. Damu hukifungia kwenye protini iitwayo transferini, kama mwenye duka anavyofungia sukari kabatini wakati wa uhaba. Bakteria anayetaka kuishi humo lazima awe mwizi. Hutoa molekuli ndogo, siderofori, zinazokwenda kukikamata chuma na kurudi nacho. Vibrio anguillarum anazo zake, na ni sehemu ya kinachomfanya awe hatari. Pseudomonas fluorescens naye ana zake, za rangi ya manjano-kijani inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Chuma kikiwa adimu, hutoa nyingi, anakikomba chote, Vibrio anabaki anatazama. Chuma kikiwepo tele hana haja ya kuzitengeneza, na majimaji yake yanakuwa maji tu.

Walipowaotesha wote wawili pamoja kwenye chupa moja, mambo yakabadilika kidogo. Hapo AH2 alimshinda Vibrio bila kujali kama chuma kipo au hakipo, mradi alianza akiwa amemzidi idadi mara 100 hadi 1,000. Yaani wingi ulifidia silaha. Weka kiwango hicho kichwani, tutakirudia tukifika bwawani.

Sasa tangi. Trauti waliwekwa kwenye maji yenye AH2 kwa kiwango cha laki moja kwa kila mililita, siku 5 mfululizo, kabla ya kuambukizwa. Siku ya maambukizi wakaingizwa kwa saa moja kwenye maji yenye Vibrio elfu kumi hadi laki moja kwa mililita, na kwa baadhi yao AH2 akaongezwa hadi milioni 10 kwa mililita katika saa hiyohiyo. Kisha wakahesabiwa kwa siku 7, maji yakiwa nyuzi 12 za selsiasi. Trauti wasiopewa mlinzi walikufa asilimia 47. Waliopewa mlinzi kwa njia zote mbili, kabla na wakati wa maambukizi, walikufa asilimia 25.

Vifo vilipungua karibu nusu. Ungeishia hapo ungeweza kuchapisha lebo na kufungua duka.

Lakini tazama namna pambano lilivyopangwa. Mlinzi alipewa siku 5 za kujipanga kabla adui hajafika. Saa ya shambulio ilijulikana, na saa hiyohiyo mlinzi akaletewa jeshi la akiba, mara 100 hadi 1,000 ya adui, kiwango kilekile kilichompa ushindi kwenye chupa. Sisemi watafiti walidanganya; walieleza kila kitu, na jaribio la kwanza lazima liwe hivyo, vinginevyo hujui hata kama jambo linawezekana. Nasema mfugaji haijui saa ya Vibrio. Na hata kwa upendeleo wote huo, robo ya samaki walikufa.

Mwaka 2001 kundi hilohilo likatoa makala ambayo kichwa chake chenyewe kinakiri: AH2 anamzuia Aeromonas salmonicida kwenye sahani, lakini hilo halimkingi salmoni na furunkulosi. Furunkulosi ni ugonjwa wa majipu na sumu ya damu, wa zamani sana katika mabwawa ya trauti na salmoni. Kwenye sahani duara safi lilitokea vizuri kabisa. Kwa salmoni wenyewe, kinga haikuonekana. Bakteria ni yuleyule, na kundi ni lilelile lililokuwa na kila sababu ya kutaka afaulu.

Kwa nini? Maoni yangu ni kwamba jibu liko kwenye swali la mahali. Sahani ina uwanja mmoja tu, na wapinzani hawana pa kukimbilia. Samaki ana ngozi, matamvua, utumbo, na damu. AH2 aliyewekwa kwenye maji anaweza kutawala maji na labda ute wa ngozi. Adui akishapenya ndani ya mwili, mlinzi amebaki nje ya geti akilinda ukuta. Kwa vibriosi ya saa moja kwenye maji, mlango wa kuingilia ndio uliokuwa unalindwa, na kila adui aliyepunguzwa mlangoni alikuwa faida. Kwa ugonjwa ambao mgonjwa anaendelea kumwaga vimelea kwa wenzake siku baada ya siku, ulinzi wa mlangoni pekee haushiki. Sina jaribio linalothibitisha kwamba hiyo ndiyo sababu nzima, ila ni maelezo yanayolingana na yote mawili, kufaulu na kushindwa.

Ningependa kila anayeuza probayotiki aisome makala hiyo ya 2001. Matokeo ya "hapana" hayapendwi. Hayapati picha kwenye pakiti.

Mwaka huohuo, 2001, walitoka pia na kazi nyingine yenye hesabu nzuri ya kukupa picha ya jinsi chekecheke lilivyo kali. Walikusanya bakteria na hamira 1,018 kutoka kwenye ngozi, matamvua na utumbo wa trauti wenyewe. Waliomzuia Vibrio anguillarum kwenye sahani walikuwa 45 tu, wengi wao Pseudomonas tena. Wakachukua 9, wakawajaribu kwa samaki hai. Sita wakaongeza uwezekano wa samaki kupona. Mtu anaweza kuona 6 kati ya 1,018 akakata tamaa. Mimi naona kitu kingine: hao walinzi walikuwa tayari wamekaa kwenye samaki bila kununuliwa. Trauti mzima, asiyebanwa, mwenye ute wake haujachubuliwa na wavu, anatembea na walinzi wake mwenyewe.

Wakati huohuo jirani wa Denmark wa kaskazini alikuwa ametatua tatizo kwa njia nyingine. Norwei ilipata furunkulosi kupitia trauti kutoka Denmark katika miaka ya 1960, na tena mwaka 1985 kupitia vifaranga vya salmoni kutoka Uskoti. Mwaka 1987 wafugaji wa huko walitumia karibu tani 50 za antibayotiki. Miaka kumi baadaye matumizi yalikuwa chini ya tani moja, huku uzalishaji wa salmoni umepanda mara kadhaa. Kilichofanya kazi hiyo hasa ni chanjo za kuchoma sindano, zenye mafuta, zilizoenea mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na taratibu za kutenganisha mashamba na rika za samaki. Probayotiki haikuwa mchezaji pale. Na Umoja wa Ulaya ulipokubali mwaka 2009 bakteria hai, Pediococcus acidilactici, atumike kwenye chakula cha samaki wa jamii ya salmoni, faida iliyotajwa ilikuwa samaki wenye maumbile mazuri, maana alipunguza ulemavu wa uti wa mgongo. Kuzuia ugonjwa wa bakteria hakukutajwa.

Chanjo, hata hivyo, ina mahali isipofika. Lava wa samaki, aliyetoka kwenye yai juzi, hana kinga iliyokomaa ya kufundishwa, na huwezi kumchoma sindano kiumbe mwenye ukubwa wa punje ya mtama. Huko ndiko kundi la Gram lilikohamia: kwa bakteria wa baharini aitwaye Phaeobacter, anayetoa asidi ya tropodithieti, wakimweka kwenye chakula hai cha lava, wale wadudu wadogo wa rotifera ambao kwa kawaida ndio wanaombeba Vibrio na kumwingiza tumboni. Kwa lava wa samaki bapa na wa chewa wa Atlantiki amepunguza vifo vya vibriosi. Mlinzi amewekwa kwenye mlango wenyewe, ndani ya tangi dogo ambalo mtu analitawala.

Mama mmoja mwenye vizimba vinne vya sato upande wetu wa ziwa alinitumia picha ya pakiti. Gramu 500, unga wa kahawia, picha ya samaki anayeruka. "Mwanangu, huyu kijana wa duka ameniambia nimwage ziwani kwenye kizimba kila wiki, samaki hawataugua. Ni kweli?" Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba apige picha mgongo wa pakiti. Kulikuwa na maneno "Bacillus mchanganyiko", hesabu ya bilioni moja kwa gramu, na tarehe ya kutengenezwa. Namba ya aina ya bakteria, ile inayofanya kazi ya AH2 ya kumtambulisha huyu ni nani hasa, hakuna. Ugonjwa anaoukinga, hakuna. Tarehe ya kwisha, hakuna.

Tukafanya hesabu pamoja kwa simu. Chukua kiwango kilichowasaidia trauti, laki moja kwa mililita. Kizimba chake kina mita 2 kila upande, yaani mita za ujazo 8, mililita milioni 8. Kukijaza mara moja tu kwa kiwango hicho kunataka gramu 800 za unga wa bilioni moja kwa gramu. Pakiti moja na zaidi ya nusu. Halafu wimbi moja likipita, maji yale yameondoka, yamekwenda kuwalinda dagaa. Nikampa na ya bwawa, maana ana shemeji yake mwenye bwawa la mita za mraba 300: kina cha mita moja, unahitaji kilo 30. Bwawa zima la pakiti.

Akanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo nimeibiwa."

Si lazima. Bacillus si AH2, na njia yake ya kawaida ni chakula. Spora zake, yaani seli zilizolala ndani ya ganda gumu, zinavumilia joto na ukavu, ndiyo sababu zinaweza kukaa dukani. Gramu moja ya unga ule ikichanganywa kwenye kilo moja ya chakula inatoa milioni moja kwa kila gramu ya chakula, kiwango ambacho watafiti hutumia mara kwa mara. Hapo hesabu inaingia akilini. Kadhalika kwenye kitotoleshi cha kambale, tangi la lita 500 kwa kiwango cha trauti linadai gramu 50 tu, na maji hayaendi popote mpaka uyatoe mwenyewe. Unga uleule ni mzaha kwenye kizimba, na ni jambo la kujaribu kwenye tangi la vifaranga.

Nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: samaki wake wanakufaje? Akasema wanakufa wengi kwa mpigo, alfajiri, hasa baada ya upepo mkali. Hiyo haifanani na ugonjwa wa bakteria unaokula kizimba taratibu. Inafanana na kilichowapata wafugaji wa upande wa Kenya mwishoni mwa 2022, samaki wa vizimba walipokufa kwa wingi na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni, maji ya chini yaliyochoka yakipanda juu. Bakteria mzuri anahitaji oksijeni kama samaki. Kumwaga unga asubuhi hiyo ni kuongeza vinywa mezani. Nilimwambia apunguze idadi kwa kila kizimba, asafishe nyavu zilizoziba kwa mwani ili maji yapite, na kama anaweza avisogeze kwenye kina kirefu zaidi.

"Na hii pakiti? Mimi nilitaka kujua nimwage au nisimwage."

Asimwage. Achanganye gramu moja kwa kila kilo ya chakula, kwa mafuta kidogo ya kula ili unga ushike kwenye punje, akaushe kivulini, awape samaki wa kizimba cha kwanza na cha tatu. Cha pili na cha nne wale chakula chenye mafuta bila unga. Idadi iwe sawa, mbegu iwe ya siku moja. Kila asubuhi aokote maiti, ahesabu, aandike, hata siku ambayo ni sifuri. Nilimwonya kwamba vizimba viwili kwa viwili ni vichache mno kumpa jibu la uhakika, lakini ni afadhali kuliko neno la kijana wa duka, na afadhali kuliko langu.

Jumatatu iliyofuata akanitumia picha ya daftari la shule, ukurasa umegawanywa kwa rula safu nne. Kizimba cha kwanza: 2. Cha pili: 0. Cha tatu: 1. Cha nne: 1.